Jinsi ya kusoma fasihi ya haki za kiraia na hadithi za majaribio: mwongozo kamili kwa mwanafunzi

Insha yangu ya kwanza juu ya fasihi ya Wamarekani Weusi ilirudi na maneno mawili ya wino mwekundu: "Umesimulia. Hujachambua." Nilikuwa nimejaza kurasa sita kuhusu mabasi ya Montgomery, mbwa wa polisi na hotuba za Martin Luther King, na hakuna nilichoandika kilichokuwa cha uongo. Nilipotulia nikaona mwalimu alichokiona: kurasa zile zote ningeweza kuziandika bila kufungua hata kitabu kimoja kati ya vile tulivyopewa.

Ikiwa nawe unaanza chuoni somo hili, la fasihi ya Wamarekani Weusi waliodai haki za kiraia na la hadithi za majaribio, yaani zile zinazovunja njia ya kawaida ya kusimulia, au unajisomea kwa hamu yako, naomba ukae na swali moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho: kwa nini jambo hili halikusimuliwa kwa njia ya kawaida?

Wengi wetu tulifundishwa fani na maudhui tukiwa sekondari. Wapo walimu waliosema fani ni kikombe na maudhui ni chai. Wengine wakakataa, wakasema hizo ni pande mbili za sarafu moja. Kwa fasihi hii, shika ya sarafu. Waandishi hawa walikuwa wanaandika mambo ambayo nchi nzima ilikwisha kuyasikia. Picha zilichapishwa, kesi zilisikilizwa, wauaji waliachiwa huru, na kesho yake watu wakanywa chai yao. Habari haikukosekana. Kilichokosekana ni namna ya kumfanya msomaji aisikie upya. Basi mwandishi anapovunja mpangilio wa hadithi, anapomnyima mhusika sauti, au anapoificha rangi ya mtu, pale ndipo hoja yake ilipo. Ukiruka hapo na kukimbilia "ujumbe", umemwaga chai na kikombe.

Hatua ya kwanza: tengeneza kalenda kabla ya kufungua kitabu

Chukua karatasi, igawe safu tatu. Kushoto andika matukio ya Marekani, katikati vitabu, kulia Afrika Mashariki.

Kushoto anza na tarehe 17 Mei 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Brown kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Kisha 28 Agosti 1955: Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekuwa amekwenda kuwatembelea jamaa zake Mississippi, aliuawa na wanaume Weupe. Mama yake, Mamie Till, alitaka jeneza liachwe wazi ili ulimwengu uone, na jarida la Jet likachapisha picha. Septemba mwaka huo juri ya wanaume Weupe pekee iliwaachia washtakiwa, na Januari 1956 wakakiri wenyewe katika jarida la Look, wakalipwa kwa kukiri. Desemba 1955 Rosa Parks, mwanamke Mweusi, alikataa kumwachia abiria Mweupe kiti chake ndani ya basi, na Weusi wa Montgomery wakasusia mabasi kwa siku 381. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne wa chuo walikaa kwenye kaunta ya chakula ya Weupe mjini Greensboro na kukataa kuondoka. Aprili 1963 King alifungwa Birmingham. Agosti 28 ya mwaka huo, miaka minane kamili baada ya kifo cha Till, yalifanyika maandamano ya Washington yaliyokusanya watu wapatao 250,000. Siku 18 baadaye bomu liliua wasichana wanne kanisani Birmingham. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini 2 Julai 1964, na ile ya haki ya kupiga kura 6 Agosti 1965.

Kulia andika uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961. Uganda, 9 Oktoba 1962. Kenya, 12 Desemba 1963. Na Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, 26 Aprili 1964. Usidhani safu hii nimeiweka kwa kujipendelea. Katika barua yake ya gerezani King mwenyewe anasema mataifa ya Asia na Afrika yanaukimbilia uhuru kwa kasi ya ndege, huku Weusi wa Marekani bado wanajikongoja kwa mwendo wa kigari cha farasi kutafuta kikombe cha kahawa kwenye kaunta. Na Oktoba 1964 Malcolm X, mwanaharakati mwingine wa Wamarekani Weusi, alifika Dar es Salaam. Watu hawa walikuwa wanatutazama, kama sisi tulivyokuwa tunawatazama wao.

Safu ya katikati ndiyo itakayokuokoa kwenye mtihani. Riwaya ya Invisible Man (Mtu Asiyeonekana) ya Ralph Ellison ilitoka 1952. Itazame ilipo kwenye karatasi: miaka miwili kabla ya hukumu ya Brown, mitatu kabla ya Montgomery. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeandika kwamba riwaya hiyo "inaakisi harakati za King", na kila mwaka anakosa alama. Kwa upande mwingine, Meridian ya Alice Walker ni ya 1976, na "Recitatif" ya Toni Morrison ni ya 1983. Hizo zinatazama nyuma, zinauliza nini kilibaki baada ya nyimbo na maandamano. Kitabu kilichoandikwa kabla ya moto, kilichoandikwa ndani ya moto na kilichoandikwa juu ya majivu havisomwi kwa jicho moja.

Hatua ya pili: anza na vifupi

Kosa kubwa ni kuanza na kitabu kinene kwa sababu ndicho chenye jina. Utaratibu ninaoupendekeza, baada ya kuwasaidia wadogo zangu wa chuo kwa miaka kadhaa, ni huu: barua ya King kutoka gereza la Birmingham, mashairi mawili ya Gwendolyn Brooks juu ya Emmett Till, yaliyomo katika The Bean Eaters ya 1960, "Recitatif", dibaji na sura ya kwanza ya Invisible Man, kisha riwaya moja nzima, A Different Drummer ya William Melvin Kelley, 1962. Mumbo Jumbo ya Ishmael Reed, ya 1972, iache kwanza. Ina picha, tanbihi na orodha ya vitabu ndani ya riwaya yenyewe, na sura yake ya kwanza inakuja kabla ya ukurasa wa jina la kitabu. Ni kitabu kitamu, lakini kinamtaka mtu aliyekwisha kuzoea kupotezwa. Aliyewahi kusoma Nagona au Mzingile za Euphrase Kezilahabi atanielewa, na ana nafuu kubwa kuliko anavyofikiri: alikwisha kujifunza kutembea ndani ya hadithi isiyo na njia iliyonyooka.

Barua ya King inapatikana bure katika tovuti ya taasisi ya King ya Chuo Kikuu cha Stanford. "Recitatif" ni hadithi fupi, imechapishwa pia kama kitabu chake peke yake mwaka 2022. Riwaya omba maktaba, na kama nakala ni moja kwa wanafunzi arobaini, pangeni zamu mapema.

Muhtasari wa mtandaoni usiuguse katika hatua hii. Muhtasari wa hadithi ya majaribio hutoa tukio na kutupa umbo, na umbo ndilo unalokwenda kulisoma.

Hatua ya tatu: soma kwa sauti, na uhesabu pumzi

Barua ya King si bunilizi, lakini sijaona mwalimu bora wa jinsi sentensi inavyoweza kubishana yenyewe. Viongozi wanane wa dini, Weupe, walikuwa wametoa tamko gazetini kwamba maandamano hayana busara na yamekuja kwa wakati usiofaa. King akaanza kuwajibu pembezoni mwa gazeti lile lile, akaendelea kwenye vipande vya karatasi alivyopata. Barua ina tarehe 16 Aprili 1963.

Fungua mahali anapojibu neno "subirini". Kuna sentensi moja pale yenye maneno zaidi ya 300. Inaanza na "lakini unapokuwa umeona", halafu "unapo" nyingine, na nyingine: makundi yakiwaua mama na baba zako, polisi wakiwapiga ndugu zako, binti yako wa miaka sita akiuliza kwa nini hawezi kwenda kwenye bustani ya michezo aliyoiona kwenye televisheni, nawe ulimi unakuganda. Kila kipande kinamalizikia kwenye nukta-mkato, na kitenzi kikuu hakiji. Unasubiri. Unasubiri tena. Mwisho kabisa ndipo inapofungwa: hapo ndipo mtaelewa kwa nini tunaona vigumu kusubiri.

Isome kwa sauti, simama wima kama unahutubia. Andika kwenye daftari ni mara ngapi ulilazimika kuvuta pumzi, na ulikuwa umefika wapi ulipoanza kutamani sentensi iishe. Kutamani kwako huko ndiko hoja yenyewe. King hakuwaeleza wale viongozi maana ya kusubiri; aliwasubirisha kwa sarufi. Msomaji aliyechoka katikati ya sentensi moja amekwisha kuelewa jambo juu ya miaka 340, ambayo ndiyo hesabu King aliyoitaja.

Ukishafanya zoezi hili mara moja, utaanza kusikia urefu wa sentensi kila mahali. Ni ujuzi rahisi, hauhitaji nadharia, na walimu wanaupenda kwa sababu ni wanafunzi wachache wanaojisumbua.

Hatua ya nne: weka alama pale matini inapokatika

Tumia kalamu mbili. Ya kwanza kwa ulichokielewa. Ya pili kwa mahali uliposhtuka: msimulizi amebadilika, mstari umekatwa, wakati umeruka, mtu hana jina, beti haifanani na zilizotangulia. Ukimaliza, funga kalamu ya kwanza. Kazi yako iko kwenye alama za kalamu ya pili.

Mashairi ya Brooks ndiyo mahali pazuri pa kujifunzia. Shairi la kwanza lina jina refu kuliko kawaida: "A Bronzeville Mother Loiters in Mississippi. Meanwhile, a Mississippi Mother Burns Bacon." Bronzeville ni mtaa wa Weusi mjini Chicago, mji alikotoka Till. Kwa jina hilo unatarajia mama mwenye msiba. Halafu unaingia ndani na kukuta macho unayotazamia ni ya yule mama mwingine, mwanamke Mweupe wa Mississippi ambaye mumewe ameua kwa madai ya kumlinda. Anakaanga nyama kifungua kinywa. Anajaribu kuikumbuka habari yake kama zile baladi alizosoma shule: yeye ni binti mzuri, kuna jitu jeusi la kutisha, na kuna mwanamfalme anayekuja kumwokoa. Anaijaribu hiyo hadithi kama mtu anavyojaribu gauni. Haimkai. Jitu la kutisha ni mtoto ambaye mdomo wake bado haujapoteza ulaini wote wa utotoni. Nyama inaungua.

Sasa angalia umbo. Baladi ina beti zake, vina vyake, mdundo wake. Shairi hili linataja baladi lakini halitaki kuwa baladi. Mistari ni mirefu na mifupi bila mpango, vina vinakuja na kutoweka. Umbo la kale la kumtukuza shujaa limeshindwa kubeba mauaji ya mtoto. Na mwisho, mwanamke yule anapoanza kumchukia mumewe, linatajwa lile beti la mwisho la baladi.

Geuza ukurasa. Beti hilo liko pale, kama shairi la pili, na sasa ndipo mama wa Till anapotokea. Mistari minane mifupi. Amekaa katika chumba chekundu, anakunywa kahawa nyeusi. Anambusu mwanawe aliyeuawa. Anasikitika. Kisha vurugu za upepo wa kijivu kwenye mbuga nyekundu, na ndiyo imekwisha.

Mwanafunzi wa "ujumbe" ataandika: Brooks analaani mauaji ya Emmett Till. Nani asiyeyalaani? Mwanafunzi wa kalamu ya pili atauliza: kwa nini mwanamke Mweupe amepewa shairi refu hivyo, na mama mfiwa mistari minane? Atajibu kwamba nafasi kwenye ukurasa imegawanywa kama ilivyogawanywa mahakamani na magazetini, kisha uzito ukahamishwa: mistari mingi ni ya mtu anayejidanganya, na michache ni ya mtu asiyehitaji kujidanganya. Wewe unaweza kujibu vingine. Mradi umejibu swali ambalo limo kwenye ukurasa.

Hatua ya tano: chora jedwali la nani anasema

Hili ni la riwaya. Safu nne: sura, anayesimulia au tunayeona kupitia macho yake, anayetendwa au kuzungumziwa, na asiyepewa nafasi ya kusema. Safu ya nne ndiyo ya dhahabu.

Lijaribu kwa A Different Drummer. Kelley alibuni jimbo la Kusini ambalo halimo kwenye ramani. Juni 1957 mkulima Mweusi, Tucker Caliban, anamwaga chumvi kwenye shamba lake, anaua mifugo yake, anaichoma moto nyumba yake, anaondoka na mkewe na mtoto. Baada yake wanaondoka Weusi wote wa jimbo. Hakuna mkutano, hakuna kiongozi, hakuna mabango. Na habari yote tunaipata kupitia macho ya Weupe: wanaume wanaokaa barazani mwa duka, mvulana mdogo, familia yenye mali ambayo mababu zake waliwamiliki mababu wa Tucker.

Nilipolijaza jedwali hili mara ya kwanza, safu ya nne ilirudia jina moja sura baada ya sura: Tucker, Tucker, Tucker. Nilidhani nimekosea, nikarudia kusoma. Sikuwa nimekosea. Mtu anayelitikisa jimbo zima hapewi sura hata moja ya kueleza sababu zake, na wale wanaopewa sura hawajui. Wanakisia, wanasingizia damu ya mmoja wa mababu zake, Mwafrika, wanalaumu wageni wa Kaskazini. Maneno wanayo wao. Ufahamu anao aliyenyamaza.

Usiandike haraka kwamba Kelley "anaonyesha jinsi Weusi walivyonyamazishwa". Kunyamazishwa na kunyamaza ni vitu viwili, na Kiswahili chetu kinavitenganisha kwa herufi chache tu za kitenzi. Tumia faida hiyo. Tucker haombi asikilizwe, wala haombi haki. Anaondoa kitu ambacho Weupe walidhani kitakuwepo daima, yaani yeye mwenyewe. Kumbuka pia kalenda yako: kitabu kilitoka 1962, wakati maelfu walikuwa wanaandamana wakidai kuingia, na Kelley akaandika juu ya kutoka. Hapo una insha nzima.

Kwa Ellison, jedwali litakuonyesha kinyume chake: mtu mmoja tu anasema, kurasa mamia, na hatumjui jina. Dibaji inamkuta mwisho wa safari yake, ndani ya chumba cha chini ya ardhi alichokijaza taa 1,369 kwa umeme wa kuiba. Kwa nini mtu asiyeonekana ahitaji taa nyingi hivyo? Liache swali hilo likusumbue hadi ufike mwisho wa kitabu.

Hatua ya sita: someni wawili wawili

Kuna hadithi ambayo mtu akiisoma peke yake anajidanganya bila kujua. Ni "Recitatif". Wasichana wawili, Twyla na Roberta, wana miaka minane na wanalala chumba kimoja katika nyumba ya kulelea watoto. Mmoja ni Mweusi, mwingine Mweupe. Morrison hasemi yupi ni yupi. Wanakutana tena ukubwani mara kadhaa: mgahawani, dukani, kisha kwenye mzozo wa kuwahamisha watoto kwa mabasi ili shule zichanganyike, kila mmoja na bango lake upande wake wa barabara. Bado hasemi. Alieleza baadaye kwamba aliiandika kama jaribio la kuondoa alama zote za rangi katika hadithi ya watu wawili ambao rangi ni jambo kubwa maishani mwao.

Fanyeni hivi. Wewe isome ukiwa umeamua kwamba Twyla ni Mweusi. Mwenzako aisome akiwa ameamua ni Mweupe. Msiambiane kitu. Kila mmoja apigie mstari kila neno linalomthibitishia. Kisha wekeni nakala mbili mezani.

Sisi tulifanya watatu, chini ya mwembe nje ya maktaba, na tukakuta tumepiga mstari sentensi zile zile. Mama mmoja anacheza dansi usiku kucha. Mwingine amebeba Biblia kubwa na msalaba kifuani, na ameleta mapaja ya kuku. Mwenzangu alisema: "Mama wa dini namna ile, na kuku, huyo Mweusi kabisa." Nikamwambia mimi nimeona kinyume chake, maana aliyebeba chakula kingi ndiye aliyenacho. Tukakaa kimya kidogo. Kila mmoja wetu alikuwa amekuja na mizani yake kutoka kwenye filamu, kanisani, nyumbani, na kupimia watu asiowajua.

Hili kwa msomaji wa Kiswahili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu alama tunazotumia hatukuzikulia, tuliazima. Andika kwenye daftari kila alama uliyoitumia na ulikoipata. Orodha hiyo ikiwa ya kweli, utangulizi wa insha yako umekwisha kupatikana.

Lugha: maneno yanayouma na maneno yetu yaliyosafiri

Utakutana na tusi la rangi mara nyingi, hasa kwenye midomo ya wahusika Weupe. Usilitumie katika sentensi zako mwenyewe. Likiwa ndani ya nukuu muhimu, fuata utaratibu wa mwalimu wako. "Negro" ni jambo jingine: King na Ellison walilitumia kama neno la kawaida la wakati wao, kwa hiyo liache lilivyo ndani ya nukuu, lakini wewe andika "Wamarekani Weusi". Matamshi ya Kusini yaliyoandikwa kama yanavyosikika yasome kwa sauti, nusu ya ugumu itayeyuka.

Na utakutana na Kiswahili. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, na nguzo zake saba zina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mshairi aliyezaliwa Don L. Lee alijiita Haki Madhubuti. Mmarekani wa kawaida analisikia kama jina tu. Wewe unalisikia kama sentensi, dai zima katika maneno mawili. Hiyo ni elimu ambayo wachambuzi wengi hawana, na usione haya kuitumia kwenye insha.

Hatua ya saba: wahakiki waje baadaye

Wasome baada ya kusoma matini mara mbili. Kwa kila mhakiki, andika dai lake kwa sentensi moja ya Kiswahili. Ukishindwa, hujamwelewa, hata kama umenakili aya tatu zake. Chini yake andika unapokubaliana naye na unaposita, na utaje ukurasa uliokusitisha. Watatu wanatosha kwa insha ya muhula.

Hatua ya nane: andika

Hata kama insha inatakiwa kwa Kiingereza, dai liandike kwanza kwa Kiswahili, lugha unayobishania nayo nyumbani. Dai lenye afya lina vitu vitatu: jambo la umbo linaloonekana kwenye ukurasa, kazi linayofanya kwa msomaji, na kile linachobishana nacho katika wakati wake.

Dai dhaifu: "Kelley anatumia wasimulizi mbalimbali kuonyesha ubaguzi wa rangi Kusini mwa Marekani." Badilisha jina la Kelley uweke la mwingine yeyote, sentensi bado inasimama. Ndiyo dalili ya ugonjwa.

Dai lenye nguvu: "Kwa kuwapa Weupe usimulizi wote na kumwacha Tucker Caliban bila sura hata moja, Kelley anamlazimisha msomaji wa 1962 aliyezoea kusikia Weusi wakiomba kuingia akutane na Mweusi ambaye haombi kitu."

Aya inayofuata inaweza kwenda hivi: "Tunamwona Tucker akimwaga chumvi shambani, lakini tunamwona tukiwa tumesimama na wanaume wa barazani. Wao wana maelezo mengi, na kila maelezo yanatuambia zaidi juu yao wenyewe kuliko juu yake. Msomaji anayetaka sababu anajikuta amekaa barazani pamoja nao, akikisia." Angalia: hakuna neno "ubaguzi" hata mara moja, na bado kila anayesoma anajua tunazungumzia nini.

Historia iweke pale inapobeba kitu, si kwenye utangulizi wa kurasa mbili. Hukumu ya wauaji wa Till inastahili kutajwa katika aya ya mistari minane ya Brooks, kwa sababu pale inafanya kazi. Ikikaa peke yake mwanzoni ni somo la historia.

Ukimaliza, iache insha ilale usiku mmoja. Asubuhi chukua kalamu nyekundu mwenyewe, kabla mwalimu hajaichukua yake, na ukate kila sentensi ambayo ungeweza kuiandika bila kufungua kitabu. Hesabu zilizobaki. Kama ni chini ya nusu, rudi hatua ya nne na kalamu ya pili.